Jiwe kwenye kichwa cha changu

Juzi Jumamosi nimetoka Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, na changu wawili, mnada ulishaanza kupoa ndo maana nikawapata kwa bei ya maana, nikapitiliza mpaka Chumbageni kwa shangazi. Shangazi supu ya vichwa hana mpinzani. Nikamwambia, shangazi shkamoo, vichwa usitie sufuriani kwanza kuna kitu nataka nikitoe. Akasema marahaba, kitu gani tena kwenye kichwa cha samaki?

Nikapasua fuvu kwa juu nyuma ya macho, nikasogeza ubongo, na hapo chini yake kila upande kuna kijiwe cheupe, chembamba, saizi ya kokwa ya tikiti, pembeni kina meno meno kama msumeno. Kwa jumla ni sita, vitatu kila upande, ila hivi viwili ndo vikubwa. Hivyo ndo vinamsaidia samaki kusikia na kujua amekaa wima au kapinduka. Shangazi kapika samaki miaka yote hiyo na hivyo vijiwe alikuwa anavitema tu akijua ni vipande vya mfupa.

Sasa utamu uko hapa. Kile kijiwe kinakua pamoja na mwenyewe, kila siku kinaongeza utando mwembamba wa chokaa (tando hizi za kila siku aliyezionyesha ni mtafiti Giorgio Pannella, mwaka 1971) na mwaka ukizunguka inabaki pete kama ya mti uliokatwa. Watafiti wanakikata kipande chembamba kabisa wanaweka kwenye hadubini wanahesabu. Marekani mwaka 2019 walihesabu hivyo hivyo kwa samaki wa maji baridi anaitwa bigmouth buffalo wakakuta mmoja ana miaka 112, na kabla ya hapo ilidhaniwa hata 30 hafiki!

Kwetu hapa mgeni akija anaulizia silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, na kweli ni fahari yetu, ana hifadhi yake ya bahari tangu 2009, na mwaka 2021 watafiti walisoma magamba yake wakaona anaweza kukaribia miaka 100. Lakini silikanti pezi lake lina nyama kama mkono. Changu, chewa, dagaa, jodari, mkunga, bunju, hawa wote ni ukoo mwingine, pezi lao ni ngozi iliyotandazwa juu ya vijiti kama mwavuli. Papa na taa hawamo, wale ni wa gegedu, yaani mfupa laini. Na huu ukoo wa mwavuli una aina zaidi ya 30,000, yaani karibu nusu ya wanyama wote wenye uti wa mgongo duniani, na ndio tunaowala kila siku bila kuwauliza habari zao.

Mi naona tunapaswa kuuliza. Changu wangu wawili walikuwa karibu urefu mmoja lakini jiwe la mmoja lilikuwa nene waziwazi, huenda kamzidi mwenzie miaka, na rula pale sokoni haiwezi kukwambia hilo. Halafu kuna pono na chewa, wengi wao wanaanza maisha wakiwa majike, wakikua ndo wanageuka madume, kwa hiyo ukivua wakubwa tu kila siku unamaliza madume mwambani. Na baruti ndo inaniuma zaidi, samaki hawa wengi wana kibofu cha hewa tumboni, mlipuko ukipiga kinapasuka papo hapo, mkubwa kwa mdogo, wengine wanazama tu chini hata aliyelipua hawapati. Samaki aliyejenga jiwe lake utando kwa utando, miaka na miaka, anaisha kwa sekunde.

Vile vijiwe shangazi akavisuuza akavitia kwenye kiboksi cha kiberiti. Jana usiku kanipigia, hata salamu hajamaliza: nimepata kichwa cha chewa, kikubwa, njoo na kisu chako kabla sijabandika maji.