Mrushaji mdogo wa besiboli apumzike siku ngapi?

Hesabu mitupo, usihesabu awamu za mchezo. Awamu moja yaweza kwisha kwa mitupo 8, nyingine ikala 35.

Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani unampa mtoto wa miaka 11 au 12 kikomo cha mitupo 85 kwa siku. Kwa wenye miaka 9 hadi 14, mitupo 21 hadi 35 inadai siku 1 ya mapumziko. 36 hadi 50, siku 2. 51 hadi 65, siku 3. 66 na zaidi, siku 4. Siku ya mchezo haimo. Aliyerusha mitupo 55 Jumamosi anakaa Jumapili, Jumatatu na Jumanne, anarudi Jumatano.

Ratiba huharibika zaidi pale mtoto anapochezea timu mbili na kila kocha ana hesabu yake. Daftari liwe moja, tena likae kwa mzazi. Na tafadhali, aliyetoka kurusha asipelekwe kudaka nyuma ya mpigaji: mdakaji naye hurudisha mpira mchana kutwa.

Gegedu la ukuaji, yaani sehemu ambako mfupa unaendelea kukua, upande wa ndani wa kiwiko bado ni laini. Misuli ikichoka, mzigo unaliangukia. Utaona kiwiko kinashuka, mipira inapaa juu, mtoto anakung'uta mkono. Mtoe hapo hapo, hata kama kikomo hakijafika. Akisema kiwiko au bega linauma, usimpe dawa ya maumivu ili aendelee. Mpeleke kwa daktari.

Kwa mwaka, aache kurusha angalau miezi 4, na miwili au mitatu kati ya hiyo ifuatane.