Saa ya mkononi na Fomu 4457

Shemeji yangu akisafiri huificha saa yake ndani ya soksi. Huko ni kujitafutia maswali tu. Ofisa wa forodha akiikuta humo, nani ataamini kwamba ni ya siku nyingi, si mpya ya kulipiwa ushuru?

Sisi tunaoishi Marekani tuna njia nyepesi. Kabla ya kuondoka unaipeleka saa yenyewe ofisi ya forodha pamoja na Fomu 4457, karatasi ya kuthibitisha kwamba kitu ulikuwa nacho kabla ya safari. Yangu ni Omega. Ofisa aliigeuza, akaiinamisha chini ya taa kutafuta namba yake, tarakimu ndogo kama mayai ya chawa, akalinganisha na nilichoandika, akasaini na kugonga muhuri. Hulipi hata senti, na karatasi hiyo hiyo unaitumia safari zote mpaka isisomeke tena.

Inakulinda unaporudi Marekani, basi. Kule Dar karatasi hiyo haiwafungi mikono watu wa forodha, kwa hiyo picha ya risiti ninayo kwenye simu.

Ukinunua mpya Geneva au Dubai, hilo ni jambo jingine: msamaha wa kawaida wa ushuru kwa mkazi anayerudi Marekani ni dola 800, na saa za namna hii hupita hapo haraka. Itaje kwa forodha.

Na lile boksi lake la kifahari, jamani, libaki nyumbani. Saa ivae.