Malalamiko ya Dada wa Kazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Ayubu 31:13-15.

Kwenye jumuiya zetu kuna ombi ambalo mwezi haupiti halijarudi: "Naomba mniombee nipate msichana wa kazi mwenye hofu ya Mungu." Anayeomba hivyo ni mama anayetoka nyumbani Mbagala au Kimara kabla hakujapambazuka, agombanie daladala, afike kazini saa mbili, arudi giza limeshaingia. Mtoto ana miezi minane. Dada aliaga Ijumaa kwamba bibi yake anaumwa kijijini, Jumatatu simu haipatikani. Dalali aliyemleta alishachukua chake. Ukimpigia anasema yupo mwingine Singida, tuma nauli. Unatuma. Anakuja, mnaanza kuzoeana, halafu jirani anamrubuni kwa nyongeza ya shilingi 20,000, anahamia mtaa wa pili.

Haya ni mateso ya kweli, na sipendi kuwasikia akina mama wakiambiwa wanalalamika bure. Unarudi jioni unakuta sufuria ya uji imeungua, mtoto ana nepi ile ile ya asubuhi, na dada yuko kibarazani na simu. Unakuwa kazini lakini roho iko nyumbani. Na akina baba mnaosoma hapa: dada akiondoka ghafla, nani anaomba ruhusa kazini? Ombi hili ni lenu pia.

Sasa tumsikie Ayubu. Katika sura hii anajitetea mbele za Mungu, anapitia maisha yake jambo kwa jambo: macho yake, mali yake, maskini na wajane waliomzunguka. Akifika kwa watumishi wake, hatuambii kwamba aliwalisha vizuri au aliwapa nguo za sikukuu. Anasema hakuidharau daawa yao, ndiyo malalamiko yao, waliposhindana naye. Yaani nyumbani kwa mtu aliyekuwa mkuu kuliko watu wote wa mashariki, kijakazi aliweza kusimama akasema, "Hapa umenionea," na akasikilizwa. Sababu anaitaja mwenyewe: aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyemuumba na huyo mtumishi, na siku Mungu atakapoinuka kuuliza, angejibu nini?

Malalamiko yetu sisi wenye nyumba yana pa kusemewa. Tunayasema saluni, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata mbele ya mchungaji. Ya dada yanasemwa wapi? Akimwambia dalali, dalali anaogopa kuharibu biashara. Akipiga simu kwao, mama yake anamwambia avumilie, maana wadogo zake wanasubiri ada. Mimi naamini wengi wanaoondoka bila kuaga ni watu waliokosa pa kusemea.

Hajiri naye aliondoka hivyo hivyo. Mwanzo 16 inasema wazi kwamba Sarai alimtesa, akakimbia. Kule jangwani, penye chemchemi, malaika wa Bwana alimwita kwa jina lake, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ni kweli kwamba baadaye alimwambia arudi kwa Sarai, bibi yake, na mstari huo wenye nyumba tunaupenda. Lakini tusiuruke ule wa kumuuliza kwanza, wala ule unaosema Bwana ameyasikia mateso yake. Kwa Abramu na Sarai, katika yote waliyozungumza juu yake, hatusomi mahali walipomtaja kwa jina. Ni "mjakazi wangu", ni "mjakazi wako".

Lipo jambo moja linaloniuma kuliko mengine, nalo ni mshahara wa "nakutunzia". Dada anafanya kazi mwaka mzima, kila mwisho wa mwezi anaambiwa fedha yake ipo. Siku anayotaka kwenda kwao ndipo hesabu inapoanza: sahani zilizovunjika, vocha, dawa ya malaria, nauli iliyomleta. Anapewa kilichobaki, na wakati mwingine hakibaki kitu. Amri ya Mishahara ya Tanzania ya mwaka 2022 ilikuwa imeweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada anayeishi kwa mwajiri, fedha ambayo wengi wetu tunaimaliza kwenye mchango mmoja wa harusi. Torati inataka mfanyakazi maskini alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake iko kwenye huo ujira (Kumbukumbu la Torati 24:15). Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anausikia.

Na mapumziko? Amri ya Sabato inamtaja mjakazi waziwazi, kwamba apumzike kama wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mfanyakazi saa 24 za kupumzika kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Sisi Jumapili tunatoka familia nzima tumependeza, dada anabaki na maharage jikoni. Na mtoto wa chini ya miaka 14 sheria hiyo hairuhusu aajiriwe kabisa, hata kama wazazi wake wamemleta wenyewe.

Wapo wanaoiba, wapo wanaowaumiza watoto. Hapo hakuna kuvumiliana. Mtoto alindwe, na vyombo vya sheria vifanye kazi yao. Ayubu hakusema mtumishi ana haki katika kila neno. Alisema hakumdharau alipoleta neno.

Wiki hii, watoto wakishalala, mwambie dada aache vyombo, mkae. Muulize nini kinamuumiza nyumbani kwako, halafu nyamaza. Usijitetee usiku huo.

Na kwenye jumuiya, ombi letu lisiwe la upande mmoja. Tumuombee mama apate msichana wa kumsaidia, tumuombee msichana naye apate nyumba ya watu watakaomsikiliza, na wazazi wake kule kijijini wanaomkabidhi kwa watu wasiowajua. Amina.