Baba Mbele ya Hakimu
Masomo ya juma: 1 Wafalme 3:16–28, Luka 18:1–8

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili naomba tumkumbuke baba aliyekuwa akilea wanawe peke yake mpaka amri ya mahakama ikawahamishia kwingine. Sasa amerudi kortini kuomba arejeshewe malezi. Shauri linatajwa, linaahirishwa, linapangiwa tarehe nyingine. Katika hati ya kiapo ya upande wa pili anasoma maneno mazito kutoka kwa mtu aliyewahi kula naye meza moja. Wanawe anawaona kwa saa chache alizopangiwa. Yule mdogo hukaa na begi mapajani, viatu havui, kwa kuwa ameshajua muda ukiisha ataitwa.

Baba huyo akija kwetu tunamwambia, "Mwachie Mungu." Nia yetu ni njema, ila anachosikia ni kwamba aache kuhangaika. Siamini kuwa Bwana Yesu angemwambia hivyo. Ni yeye aliyetupa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena mpaka akapata haki yake. Paulo naye, haki ilipokuwa ikipindishwa, alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Kumpigania mwanao mahakamani si upungufu wa imani.

Lakini baba huyu ana mtihani ambao mjane hakuwa nao. Mjane alishtakiana na adui yake. Baba huyu anashtakiana na mama wa watoto wake, pengine na bibi yao: mtu ambaye watoto wanampenda. Hapo ndipo habari ya wale wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja mbele ya mfalme Sulemani inapotufaa. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya hekima ya mfalme. Safari hii tumtazame mama halisi wa mtoto yule. Haki yote ilikuwa yake. Upanga ulipoletwa ili mtoto akatwe vipande viwili, akasihi mtoto apewe yule mwingine, mradi asiuawe. Alikuwa radhi kushindwa kesi ili mwanawe abaki mzima, na kwa huruma hiyo mfalme akamtambua.

Mahakama za leo nazo humtazama mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 3, unataka maslahi ya mtoto yapewe uzito mkubwa katika kila uamuzi unaomhusu. Kifungu cha 9 kinampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale jambo hilo linapokwenda kinyume cha maslahi yake. Haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo jiandae kuulizwa atalala wapi, nani atampeleka shule, mwalimu wake anaitwa nani, akishikwa na homa usiku atamwamsha nani. Baba anayeyajibu hayo kwa utulivu, bila kumchafua mama yao, amejitetea vizuri kuliko anavyodhani.

Basi, ndugu yangu uliye katika njia hii, fika kila siku uliyopangiwa, na ufike kwa wakati. Usiwatume watoto wakuletee habari za nyumba ile nyingine. Wakimtaja mama yao kwa furaha, wasikilize mpaka mwisho. Na kama waliondolewa kwako kwa sababu ya kweli, iwe pombe au mkono mwepesi, anza na hilo leo, tafuta msaada, kubali kusimamiwa. Amri ya malezi inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na toba yenye matunda huonekana hata kwa hakimu.

Nasi tuliobaki tuijue tarehe ya shauri lake. Mmoja wetu aende akae naye kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama, maana kungoja kule huchosha kuliko kesi yenyewe. Mwenye ujuzi wa sheria amsaidie kusoma makaratasi. Tena tumwombee na mama wa watoto hao, naye akiwa muumini mwenzetu asione kwamba kanisa limechagua upande.

Tuombe. Ee Bwana, unayewahurumia wakuchao kama baba awahurumiavyo watoto wake, mpe ndugu yetu nguvu ya kurudi tena tarehe ijayo. Linda ulimi wake. Mpe hakimu jicho la kumwona mtoto. Walinde watoto hawa katika nyumba zote mbili, wala wasilazimike kuchagua nani wa kumpenda. Kwa jina la Yesu, Amina.