Wimbo wa Mpweke Unaoimbwa na Uwanja Mzima

Alhamisi usiku, Mwanza.

Leo nimeusikiliza tena "Seven Nation Army" mwanzo mpaka mwisho, taa zimezimwa, spika masikioni. Nauandika usiku huuhuu kabla jambo lenyewe halijapoa.

Wanaoujua kwa maneno yake wanajua kwamba ni wimbo wa mtu aliyechoshwa na midomo ya watu. Kila anapopita anasemwa. Anaona bora ahame mji, akavuje jasho kwa kazi za mikono huko ambako hakuna anayemfahamu, na akiwa njiani damu yake mwenyewe inamwambia arudi nyumbani. Mimi niliupenda nilipokuwa nimepanga chumba Igogo, kule juu kwenye mawe, nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole. Habari zangu zilikuwa zinafika bombani kabla yangu mwenyewe sijafika na ndoo. Kumsikia mtu wa Detroit akilalamikia jambo lilelile kulinipa nguvu ya kutoka asubuhi na kusalimia watu.

Wenye wimbo huo, bendi ya Marekani iitwayo The White Stripes, walikuwa wawili tu: Jack White kwenye gitaa na sauti, Meg White kwenye ngoma. Mlio ule wa gitaa Jack aliupata mwaka 2002 huko Melbourne, Australia, wakijaribu vyombo kabla ya onyesho. Alitaka kuuweka akiba, huenda siku moja angeombwa wimbo wa filamu ya James Bond. Akaona hilo liko mbali, akautumia. Jina la wimbo ni vile alivyokuwa akilisikia utotoni jina la Jeshi la Wokovu, yaani Salvation Army kwa Kiingereza. Na ile sauti nzito ambayo wengi tunaapa ni besi, si besi. Ni gitaa la kawaida lililopitishwa kwenye pedali, kifaa cha kukanyaga kwa mguu, inayoishusha sauti chini oktavu nzima. Meg anakita ngoma bila mbwembwe yoyote, na watu waliomcheka kwa upigaji ule hawakumsikiliza. Ukimwondoa, wimbo unaanguka.

Ulitoka mwaka 2003 kwenye albamu ya Elephant, mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki. Lakini tuzo si kitu. Kilichoupa maisha marefu ni kwamba hauna kiitikio cha maneno. Pale ambapo mtunzi mwingine angekuimbisha, Jack ananyamaza, linaingia gitaa na noti zilezile saba, safari hii kwa kishindo. Ameacha nafasi wazi katikati ya wimbo wake. Asiyejua Kiingereza anaingia, mtoto anaingia, aliyelewa naye anaingia.

Wa kwanza kuingia walikuwa Wabelgiji. Oktoba 2003 mashabiki wa Club Brugge walikuwa wamekaa baa huko Milan wakisubiri mechi, wimbo ukapigwa, wakaudaka. Usiku ule timu yao ikaifunga AC Milan 1-0, San Siro, nyumbani kwao kabisa. Wakarudi nao Brugge. Februari 2006 AS Roma ya Italia wakaenda kucheza huko, wakashinda 2-1, na mashabiki wao wakaondoka na ushindi na wimbo. Hapo ndipo ninaposisimka kila mara: waliuchukua midomoni mwa haohao waliofungwa. Julai mwaka huohuo Italia ikatwaa Kombe la Dunia Berlin kwa penalti mbele ya Ufaransa, na nchi nzima ikawa inaimba "po po po". Waingereza nao mwaka 2017 wakapachika humo jina la mwanasiasa Jeremy Corbyn. Bendi yenyewe ilikuwa imeshavunjika tangu 2011.

Kwetu sina shaka umeingilia vibanda umiza. Kaa pale Mabatini Jumamosi jioni, kwenye mabenchi ya mbao, watu wamebanana magoti kwa migongo, feni moja inazungusha joto lilelile. Goli likifungwa huko Ulaya, kabla mtangazaji hajamaliza kupiga kelele unasikia uwanja unaanza nyuma ya sauti yake, na nusu ya kibanda inapokea. Pamba Jiji waliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 niliusikia CCM Kirumba upande wa mzunguko, katikati ya matarumbeta na ngoma, umepunguzwa mwendo ili uende na ngoma.

Rafiki yangu mmoja mpenda roki anasema hili ni wizi, kwamba wimbo umenyang'anywa maana. Nimembishia. Bibi yangu wa Magu alikuwa na nyimbo za kulima tele, na watunzi wake hakumjua hata mmoja, wala hakuna aliyemwambia amewaibia. Jack White mwenyewe amewahi kusema anafurahi kwamba wengi wanaouimba hawajui ulikotoka.

Hata hivyo kuna kinachonikaa rohoni. Natamani wausikie na ule upweke.

Kwa hiyo leo mchana pale sokoni Mwaloni, kijana mmoja wa kubeba magunia ya dagaa alipokuwa akiupiga kwa mdomo huku akipanda ubao wa lori, nilimsubiri ashuke. Nikamuuliza ni wa nani ule.

"Huo si wa mpira, dada?"

Nikampa spika za masikioni. Akajifuta mikono kwenye kaptula kwanza, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko, akasikiliza amesimama bila kutikisika. Kama dakika nne zile. Wenzake walikuwa wanamwita.

"Kumbe una maneno. Anasema nini?"

Nikamweleza: watu wanamsema sana, anataka kuhama.

"Akahama?"

"Anataka kwenda. Ila damu inamwambia arudi nyumbani."

Akafikiri. "Mimi nilitoka Ukerewe hivyohivyo," akasema, "kwa maneno." Akaniomba nimtumie wimbo kwenye simu yake. Nimemtumia jioni hii, na juu yake nikamwongezea "Ball and Biscuit" wa albamu hiyohiyo, dakika saba na ushee za gitaa.