Kabla ya Kulipia Mtambo wa Kulaza Mabomba Uliotumika

Juma lililopita nilikwenda kwenye yadi moja kando ya Barabara ya Nyerere kukagua mtambo wa kulaza mabomba, lile katapila lenye mkono wa kunyanyulia upande mmoja na uzito wa kusawazisha upande wa pili. Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara kuhusu mitambo hii.

Muuzaji alinionyesha kwanza rangi mpya, kisha saa ya mtambo, ile inayohesabu saa ambazo umefanya kazi, iliyosoma kidogo mno. Mimi nikainama kwenye cheni, kwa sababu katika mtambo wa minyororo sehemu ya chini ndiyo inayomeza fedha nyingi za matengenezo, na meno yaliyochongoka ya sproketi, yaani gurudumu linalozungusha cheni, hayawezi kudanganya kama saa inavyoweza kubadilishwa. Mtambo ukaguliwe ukiwa baridi, kwani injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka.

Kilichonisikitisha ni waya wa winchi uliokatika nyuzi, pamoja na kukosekana kwa jedwali la uzito, linaloonyesha mzigo unaoruhusiwa kwa kila umbali wa mkono. Uwezo wa kuinua hupungua kadiri mkono unavyolala mbali na cheni, na dereva asiye na jedwali anakisia huku wenzake wamesimama mtaroni chini ya bomba.

Sikununua. Nilimwomba muuzaji abadilishe waya huo kabla hajamwonyesha mteja mwingine.