Pole ya Mama Shufaa

Tangu Jumatatu neno moja limenikaa kichwani, na lenyewe ni "pole".

Nilikuwa bombani najaza ndoo, Mama Shufaa akatoka na beseni la nguo. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto. Ndipo akasema, "Jirani, siku hizi kimya huko kwako. Tulishazoea matangazo yako, lile la sabuni Shufaa kalikariri lote." Nikacheka, nikamwambia nimeiziba stoo ninamorekodia, sauti isitoke wala isiingie. Akakamua kanga, akaianika, akanigeukia. "Haya. Pole lakini."

Pole ya nini?

Pole ya kazi haiji na "lakini". Ya msiba bado, maana baba mdogo alifariki kesho yake na Alhamisi tumemzika Kibaha (nitaandika nikiweza). Ya uhamisho wa Baba Imani kwenda Dodoma alishanipa wiki iliyopita, kwa sauti ya kawaida, hata wapita njia waliisikia. Hii aliishusha. Nimeirudia mara ngapi sijui: beseni, kanga, "haya", halafu pole ya chinichini, kama ya mtu anayefunika sufuria isilie.

Mnaijua ile stoo, futi sita kwa saba, na ng'ambo ya ukuta ni sebule yao. Mlio nami tangu mwaka jana mnajua pia kwamba stoo haikuwa ya matangazo tu. Usiku nilijifungia humo kumpigia dada Rehema, nikamwaga yote niliyoshindwa kumwambia Baba Imani. Niliona ni salama. Si nilikuwa nimebandika trei za mayai ukuta mzima? Trei 46, kijana wa chipsi aliniwekea mpaka akadhani nafuga kuku.

Fundi alipokuja alizitazama zile trei, akatabasamu kwa huruma. "Dada, hizi zinapunguza mwangwi kidogo humu ndani. Sauti ya kutoka na kuingia haizuiwi na boksi." Kinachoizuia, akasema, ni kitu kizito na kisicho na upenyo. Kisha akapanda juu ya dari, akanipa tochi nami nichungulie. Ukuta unaishia darini! Juu yake, chini ya bati, ni kenchi, kinyesi cha popo na giza moja linalotoka kwangu mpaka kwa Mama Shufaa. Miaka miwili sauti yangu ilikuwa inapenya dari, inaruka ukuta, inashukia kwao wakiangalia tamthilia.

Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kupandisha tofali mpaka kwenye bati. Basi tumepiga jipsam darini tabaka mbili, viungo vya tabaka moja visikutane na vya jingine, na pembeni kote silikoni. Ule mlango wa plaiwudi wenye uwazi katikati nimeutoa, nimeweka wa mbao nzima, raba kuzunguka fremu, na mpira chini, pale ambapo zamani hata kidole kilipita. Trei nimezitupa, maana cheche moja tu ingetosha. Badala yake yananing'inia mablanketi mawili mazito, yameachana na ukuta kwa vidole vinne. Hewa hamna. Feni siwezi kuwasha nikirekodi, kwa hiyo kila dakika ishirini natoka nimelowa kama nimetoka kuogelea.

Lakini Ijumaa usiku! Nimerudi Kibaha miguu imevimba, nikaingia kujaribu tu. Nikapiga kofi moja katikati ya chumba, likafia mkononi. Nikarekodi nusu dakika ya kukaa kimya, nikavaa hedifoni kuisikiliza: hakuna bodaboda, hakuna mbwa wa kina Mangi, ni pumzi yangu tu, nayo nikaishika isije ikaharibu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tangazo zima nililimaliza mara moja, na ile "s" iliyokuwa ikinipigia filimbi kila siku imetulia.

Katika kimya kile ndipo nikagundua nilichokuwa sikisikii. Kikohozi cha Baba Shufaa. Kijiko kwenye kikombe chao saa nne za usiku. Kumbe hivyo vyote nilikuwa navijua, kama ninavyojua kwamba mwaka jana mwezi wa nne Mama Shufaa alilia mpaka alfajiri, na mumewe hakuwepo. Nililala nimekodoa macho nikimsikiliza. Asubuhi tulikutana bombani, palepale. Nilimwambia "pole na kazi", nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Sijui alijibu nini. Nimejaribu kukumbuka, naona ndoo tu.

Leo nimempelekea maandazi. Amepokea, amesema yameumuka vizuri, tumezungumzia bei ya mkaa. Hakuna aliyetaja pole.

Halafu mwalimu wa Imani kanitumia ujumbe niende shuleni kesho saa mbili. Nimemuuliza kuna nini, kajibu, "Njoo tu, mama." Imani mwenyewe nikimuuliza anaangalia viatu vyake.